Nusu ya Nyuki kwenye Kabureta

Saa sita na dakika kumi mchana, Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba 2023, Landrova ya wafuga nyuki wa Ulyankulu ilizimika kwa mara ya tatu, mita mia mbili kabla ya stesheni ya Igalula. Haikukohoa wala kupiga kelele. Iliguna tu kama mgonjwa anayekataa uji, ikasimama katikati ya barabara, na magari kumi ya zamani yaliyokuwa nyuma yake yakaanza kupiga honi.

Ndani walikuwamo watu wanne. Kwenye usukani alikuwa Mzee Karoli Manirambona, mwenye umri wa miaka sitini na minane, dereva wa Landrova hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Pembeni yake alikaa Adriano, mume wa binti yake Stela. Nyuma walikaa wanawake wawili: Doto, fundi aliyelifanyia gari hilo matengenezo Alhamisi, na Bi Mwanajuma Uwesu, mjane mwenye duka la spea kule Gongoni, ambaye Tabora nzima humwita Bi Mwana.

"Joto hili," alisema Adriano akijifuta shingo. "Miaka tisa nilibeba mbao kwa Landrova kama hii kwenye baridi ya Makete, mama. Damu yangu mpaka leo haijarudi nyumbani."

Bi Mwana alikuwa akisikiliza. Chini ya boneti kulikuwa na sauti ndogo ya kububujika, kama sufuria ya maji iliyosahauliwa jikoni. Petroli ilikuwa ikichemka ndani ya kabureta.

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Kila mwaka wenye magari ya zamani hupita kwa msafara kutoka Goweko hadi Tabora, wakiifuata njia waliyopita wapagazi wa zamani. Watu hutoka kando ya barabara kushangilia. Lakini mwaka huu wafuga nyuki walikuwa na jambo lao. Waliamua kwamba Landrova ikifika Tabora bila kusumbua, kuanzia Jumatatu ingebeba watoto wa shule ya awali ya kijijini kwao, na Mzee Karoli ndiye angeendesha. Ikishindwa, ingeuzwa.

"Doto, fungua boneti," alisema Bi Mwana.

Doto akashuka, akashika boneti zito lililofungwa tairi la akiba juu yake, akaliinua. Bi Mwana alipita karibu na lile tairi na jicho lake likatua hapo kidogo: lilikuwa jipya, bado lina vinyweleo vya mpira vya kiwandani. Kisha akainama kwenye injini, akavaa miwani, na uso wake ukabadilika.

"Kibao changu kiko wapi?"

"Kibao kipi, mama?"

"Kile cheusi! Nilikuuzia mwezi wa sita kwa mkono wangu."

Doto akachungulia. Kati ya kabureta na bomba la kuingizia hewa hukaa kibao cheusi, kinene kama kidole, kigumu kama mpini wa sufuria. Kazi yake ni kuzuia joto la injini lisipande kwenye kabureta. Sasa palikuwa na kipande cha alumini.

Kufumba na kufumbua watu walikuwa wamejaa. Wa kwanza kufika alikuwa Yahaya, mwandaaji wa msafara, mtu mnene mwenye kanzu safi na kipaza sauti begani. Mara tatu mwaka huu alikuwa ameomba auziwe ile Landrova.

"Nilisema mimi!" alitangaza, akisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. "Nilisema gari la heshima halipelekwi kwa fundi mwanamke!"

Maneno hayo yalisikika hadi stesheni. Doto akabaki na spana mkononi. Alijifunza kazi kwa marehemu mume wa Bi Mwana, na ilimchukua miaka sita kuwafanya wanaume wa Tabora wamwachie funguo za magari yao. Bi Mwana aliona miaka yote sita ikiyeyuka mbele ya macho ya watu.

"Zima hilo dude, Yahaya," alisema. "Aliyefanya hivi nitamjua kabla jua halijazama."

*

Sajini Ngollo, aliyekuwa akilinda msafara kwa pikipiki, aliwapeleka wote kivulini kando ya stesheni. Mama mmoja akaleta chai na mihogo ya kukaanga. Mzee Karoli, mtu wa adabu tangu ujana wake, alipofika pale alivua kofia, akaliinamia pipa la maji ambalo mlinzi wa stesheni alikuwa amelitundikia koti lake, akasema, "Habari za kazi, afande."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee naye akacheka, lakini kwa kuchelewa.

Bi Mwana alikuwa bado kwenye injini. Alimwambia Doto afungue nati za kabureta. Zilifunguka sawasawa, kila moja ikiwa imekazwa kwa kipimo, na kile kipande cha alumini kikatoka. Akakigeuza. Hakikuwa kipya. Kilikuwa kimepigwa moshi kikawa cha kijivu, na pembe zake zilipigwa msasa na mtu mwenye subira. Juu na chini yake palikuwa na gasketi za kuzibia hewa zilizokatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu. Kwenye moja palionekana picha iliyochapwa kwa rangi ya njano: bawa moja, jicho moja, na nusu ya tumbo lenye mistari.

"Ni nyuki," alisema Sajini Ngollo, akichungulia begani kwake.

"Nusu ya nyuki. Imekatwa kwenye boksi la asali."

"Basi haitusaidii, mama. Kila mshiriki amepewa boksi la asali. Hata mimi ninalo."

"Ulipewa lini, Sajini?"

"Jana. Saa nane mchana, uwanjani kwa Yahaya."

"Na kabla ya hapo kuna aliyewahi kuona boksi lenye huyu nyuki?"

Mzee Karoli ndiye aliyejibu. Maboksi hayo yalichapwa Mwanza, kwa mara ya kwanza, na yalishushwa kwenye basi Ijumaa saa saba mchana. Aliyafungua kwa mkono wake.

Bi Mwana akamgeukia Adriano. "Gari ulilichukua gereji kwa Doto saa ngapi jana?"

"Saa nne asubuhi, mama."

"Ukalipeleka wapi?"

"Uwanjani kwa Yahaya, likaoshwe."

"Na Doto?"

"Mimi nilibaki gereji," alisema Doto. "Nilikuwa nimeshusha injini ya lori la tumbaku. Wenye lori walikaa juu ya kichwa changu mpaka magharibi. Kaulizeni."

"Sina haja ya kuuliza," alisema Bi Mwana. "Saa nne gari lilitoka mikononi mwako, na saa nne karatasi hii ilikuwa bado ndani ya basi. Hukukata wewe."

Sajini akaandika kwenye daftari lake, akafuta, akaandika tena. Kisha akainua macho taratibu na kumtazama Yahaya.

*

"Mimi?" alisema Yahaya, akiweka chini kikombe. "Bi Mwana, tumesoma madrasa moja!"

"Ndiyo maana nakuuliza kwa upole. Gari lilikuwa uwanjani kwako tangu saa nne hadi saa tisa. Unalitaka. Likishindwa linauzwa. Maboksi yamefunguliwa kwako saa nane. Ulikuwa wapi kati ya saa nane na saa tisa?"

"Nilikuwa pale pale."

"Umekwisha!" alisema Sajini Ngollo, akisimama.

"Kaa, Sajini, mihogo inapoa." Bi Mwana akamkazia macho Yahaya. "Swali moja tu. Nikikupa vibao viwili vya kuweka chini ya kabureta, kimoja cheusi na kimoja cha alumini, utaweka kipi?"

Yahaya akafikiri kwa dhati. "Cha alumini."

"Kwa nini?"

"Kinang'aa. Gari la maonyesho lazima ling'ae mpaka tumboni."

Sajini akasimama tena. Lakini Bi Mwana alikuwa akicheka, machozi yakimlenga.

"Afande, mtu huyu hajui hata kibao hicho kinafanya nini. Tena kilichowekwa haking'ai, kimejaa moshi wa miaka. Halafu jana saa nane mpaka saa tisa wewe mwenyewe ulikuwa uwanjani. Ulisikia nini?"

Sajini akajikuna. "Kipaza sauti. Aliongea saa nzima bila kumeza mate. Alitusomea historia ya kila gari, na ya baba yake."

"Saa nzima," alikubali Yahaya kwa fahari.

"Basi hakuwa na spana mkononi. Kazi hii ni ya nusu saa kwa fundi mzuri, na uwanjani palijaa watu. Kuna ambaye angeinua boneti lenye tairi juu yake asionwe? Haikufanyika pale." Akatafuna muhogo wake. "Doto, wewe ungeweka kipi?"

"Cheusi, mama. Kwani hapa kwetu kuna kingine?"

"Na wewe, Adriano mwanangu?"

Adriano alikuwa akimimina chai. Alijibu bila kugeuka, kama mtu anayejibu swali rahisi. "Inategemea gari litakwenda wapi."

Doto akageuza shingo kumtazama. Bi Mwana alimaliza chai yake, akakifunga kile kipande cha alumini kwenye kitambaa, na akaomba kitambaa kingine kilicholoweshwa maji kikawekwe juu ya kabureta ipoe. Katika pochi yake kubwa, pamoja na tasbihi na risiti, alikuwa na kibao kimoja cheusi. Mwenye duka la spea hasafiri mikono mitupu. Doto akakifunga kwa dakika ishirini. Landrova ikawaka, na ilikwenda kutoka Igalula hadi Tabora mjini bila hata kupiga chafya.

Njiani Bi Mwana hakuangalia mandhari. Alikuwa akisikiliza tena, na safari hii hakuisikiliza injini. Adriano alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, mfululizo, kama alivyofanya tangu asubuhi na yeye akadhani ni mazoea ya mtu mwenye wasiwasi. "Shimo kushoto, baba. Ng'ombe hao, baba, taratibu. Daraja. Huyo ana baiskeli." Na Mzee Karoli alikuwa akikata usukani kwa kuyafuata maneno yale, macho yake yametulia mbele, hayaangalii chochote.

*

Saa kumi na dakika ishirini jioni walikuwa wamekusanyika gereji kwa Doto, Gongoni: Mzee Karoli kwenye kiti cha plastiki, Adriano amesimama kando ya Landrova, Yahaya, Sajini Ngollo na Doto mwenyewe. Bi Mwana aliomba mlango wa bati ufungwe. Kisha akaufunua mkono wake, na kipande cha alumini kikaonekana.

"Nimeuza spea miaka thelathini na tano," alianza. "Kibao hiki si takataka. Mahali pengine ni dawa. Kwenye milima ya baridi kabureta hupata ugonjwa mwingine kabisa: hewa yenye ukungu inaingia, inaganda, mdomo wa kabureta unajaa barafu na gari linazima. Huko mtu anatoa kibao cheusi na kuweka cha alumini, ili joto la injini lipande, liyeyushe. Hapa Tabora joto hilo hilo linachemsha petroli. Dawa ya kule ni sumu ya huku. Hiki kimetumika miaka mingi, moshi wake unasema. Kwa hiyo kimetumika kwenye baridi. Nimewauliza watu watatu swali moja. Aliyeishi kwenye joto tu alisema cheusi. Asiyejua alisema kinachong'aa. Mmoja alisema inategemea. Hilo ndilo jibu sahihi, na ni jibu la mtu aliyeendesha kote kuwili, huku na Makete."

Akamgeukia aliyesimama kando ya Landrova.

"Adriano, jana uliondoka uwanjani saa tisa, peke yako. Goweko, msafara ulikoanzia leo, ni mwendo wa saa moja na nusu. Ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, mama. Nilipata pancha, nikabadili tairi."

"Lile la akiba ndilo uliloweka?"

"Ndiyo."

"Mbona bado liko juu ya boneti na vinyweleo vyake vya kiwandani? Halijawahi kugusa barabara."

Adriano akafumba macho. Alipoyafumbua aliingiza mkono chini ya kiti cha dereva, akatoa fundo la kitambaa safi. Ndani yake kulikuwa na kibao cheusi, kimepanguswa, hakina hata mkwaruzo.

"Sikuweza kukitupa," alisema.

"Najua. Mtu aliyetaka kuliua gari hakazi nati kwa kipimo wala hakati gasketi mpya. Ulitaka ligome tu, lisiumie."

Mzee Karoli alikuwa amesimama. Sauti yake ilitoka kavu. "Nilikupa binti yangu. Nilikufundisha njia zote za Ulyankulu. Kwenye gari hili wanawake wamejifungua, tukawahi hospitali na watoto wakiwa wanalia. Nimekukosea nini?"

Adriano akapiga magoti kwenye sakafu yenye oili.

"Hujanikosea, baba."

"Basi kwa nini?"

Mkwewe aliinamisha kichwa, na jasho likadondoka kutoka kwenye kidevu chake. Bi Mwana angeweza kusema. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, lakini aliona kwamba halikuwa lake, akalimeza. Alingoja. Nje muuza karanga alipita akigonga kopo lake, akaenda zake.

"Jumatatu ungewabeba watoto ishirini, baba," alisema Adriano hatimaye. "Na wewe… wiki iliyopita uligonga nguzo ya lango la kanisa, ukaniambia upepo umeisogeza. Nilishindwa kusema. Mkwe anamwambiaje baba mkwe neno kama hilo? Nikasema afadhali gari ligome kuliko… Nikaona gari ndilo liseme."

Mzee Karoli alirudi kitini, akakipapasa kwanza kwa mkono ndipo akakaa. Wote waliona mkono ule.

"Lile pipa la Igalula," alisema polepole, "nilidhani ni Sajini."

Sajini Ngollo alikohoa, akatazama buti zake. Yahaya akaanza kutikisika mabega. Akajizuia, akashindwa, na kicheko kikamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Mzee Karoli ndiye aliyemfuata, safari hii bila kuchelewa, na akacheka mpaka akatoa leso.

"Mwaka wa pili sasa," alisema akijipangusa. "Naona ukungu tu. Nilidhani nikinyamaza utaondoka." Kisha uso wake ukawa mzito tena. "Adriano, uliogopa kunivunjia heshima, ukaenda kumvunjia huyu binti. Yeye ana heshima ndogo kuliko yangu?"

Adriano akageuka, bado amepiga magoti, akamtazama Doto. "Nilipomsikia Yahaya pale Igalula nilitaka kusema. Mdomo uligoma. Nisamehe, dada."

Doto alikuwa ameegemea meza ya vyuma, mikono ameikunja kifuani. "Kwa mdomo nimekusamehe," alisema. "Lakini mimi nilitukanwa kwa kipaza sauti."

Sajini akafungua daftari. "Kuna mtu anafungua kesi?"

"Hakuna kesi," alisema Doto. "Yahaya, hilo dude lako lina betri?"

*

Saa kumi na moja na nusu, uwanjani kwa Yahaya, mbele ya magari kumi na moja na watu wasiopungua mia mbili, Adriano alishika kipaza sauti na kueleza alichofanya, kuanzia kibao hadi tairi. Jambo moja tu hakulitaja, na Mzee Karoli alipoona limerukwa, alimnyang'anya kipaza sauti akalisema mwenyewe: macho yake yamechoka, na kuanzia Jumatatu mkwewe ndiye atakayewabeba watoto. Wafuga nyuki walipiga makofi, na gari halikuuzwa.

Kisha zamu ikawa ya Yahaya. Alikishika kipaza sauti chake mwenyewe kama mtu aliyepewa nyoka. "Nilisema neno kuhusu fundi mwanamke," alianza, akameza mate. "Lile neno nalirudisha. Na Jumatatu naleta Pijo yangu kwa Doto. Inachemka."

"Ilete Jumanne," Doto alimpigia kelele kutoka nyuma ya umati. "Jumatatu nimejaa!"

Jumatatu asubuhi Bi Mwana alimpeleka Mzee Karoli hospitali. Daktari alimmulika tochi, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba angepaswa kuja miaka miwili iliyopita. Wiki tatu baadaye walimpasua jicho la kwanza. Kesho yake, saa tatu asubuhi, muuguzi aliposimama kumfungua bendeji, Stela na Adriano walikuwa wamesimama upande mmoja wa kitanda, na Bi Mwana upande wa pili ameshika chupa ya uji.

Mzee Karoli alipepesa. Akamtazama binti yake, akatabasamu. Akamtazama Adriano kwa muda mrefu, akamshika mkono, hakuuachia. Mwisho akageuka upande wa pili, akamkazia Bi Mwana macho, kutoka mtandio hadi viatu, kisha uso wake ukajaa mshangao wa kweli.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Bi Mwana! Kumbe umezeeka hivi!"

Wodi nzima ilicheka, na Bi Mwana alicheka kuliko wote, hata akaumwagia uji mtandio wake mpya.